Je, mtoto wa mbwa wako anaona? Namna ya kumpima macho nyumbani

Mtoto wa mbwa asiyeona anaweza kukaa kwako majuma kadhaa na usigundue. Ukimwita anakuja. Ukiweka bakuli anakuwa wa kwanza kufika. Akiwa na ndugu zake anakimbia nao, anaviringishana nao, anauma masikio yao kama kawaida. Yote hayo anayamudu kwa pua, masikio, sharubu na kumbukumbu ya mahali vitu vilipo, na kwa viungo hivyo mbwa amejaliwa kuliko sisi.

Ndiyo maana vipimo vingi vya nyumbani hutoa majibu ya uongo. Mtu anatikisa ufunguo mbele ya mbwa, mbwa anageuka, basi, "anaona vizuri." Amesikia. Mwingine anapunga mkono karibu na uso, mbwa anapepesa, "anaona." Amehisi upepo. Kazi yako katika kila hatua hapa chini ni kuziba njia nyingine zote, ili jicho lijibu peke yake.

Kabla ya yote, jua umri wake

Watoto wa mbwa huzaliwa macho yakiwa yamefumba, na kwa kawaida huanza kufumbua kati ya siku ya 10 na ya 14. Wengine huchelewa siku chache. Usiyafumbue kwa vidole hata kama ndugu zake wote wameshafumbua. Kuna hali moja tu ya kukufanya uwahi kwa daktari wa mifugo kabla macho hayajafumbuka: kope zikivimba kwa mbele, au usaha ukianza kuchungulia kwenye mstari wa kope. Hayo ni maambukizi yaliyofungiwa ndani, na yanaweza kuharibu konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kabla mtoto hajaona hata mwanga wa kwanza.

Macho yakishafumbuka huwa na ukungu wa kibuluu. Usiogope, utapungua kadiri majuma yanavyopita. Retina, ile ngozi ya ndani inayopokea mwanga, bado inajengwa, na hukamilika karibu na wiki ya 6 hadi ya 8. Mtoto wa wiki 3 au 4 atafuata kitu kinachosogea karibu naye kwa kubahatisha tu. Kumpima wakati huo ni kujitafutia wasiwasi wa bure.

Vipimo vingi humu vinafaa kuanzia wiki ya 8. Kile cha kutishia kwa mkono kisubiri hadi wiki ya 12 au zaidi, na sababu yake nitaieleza kikifika.

Vitu vya kuandaa

Pamba ya kawaida. Tochi ndogo yenye mwanga wa wastani. Kipande cha plastiki ngumu unachoweza kuona upande wa pili. Maboksi matupu ya karatasi. Simu ya kurekodi video, na msaidizi mmoja mtulivu. Watoto wadogo wanaoshangilia wapelekwe chumba kingine.

Chagua saa ambayo mbwa ameamka, amejisaidia, hana njaa kali na hajachoka kwa kucheza. Usifanye vipimo vyote kwa mkupuo. Mtoto wa mbwa huchoka haraka sana na mchezo asiouelewa, na mbwa aliyechoka hufanana kabisa na mbwa asiyeona. Gawa kazi katika siku mbili tatu.

Jambo moja husahaulika: jaribu kwanza kama anasikia. Akiwa amelala au amekupa mgongo, kunja karatasi kwa kelele upande wa nyuma, mbali kidogo asihisi upepo wala mtikisiko. Kama hasikii, utasoma vibaya tabia zake nyingi. Zaidi ya hapo, kuna mbwa wanaozaliwa na matatizo yote mawili pamoja, hasa waliozaliwa na baba na mama ambao wote wana manyoya ya mabakamabaka ya aina iitwayo merle. Hao huweza kuwa viziwi, na macho yao huweza kuwa madogo kupita kiasi au yenye kasoro.

Hatua ya 1: Yatazame macho yenyewe

Kaa naye karibu na dirisha mchana, mwanga ukimpata kwa ubavuni. Shika kifua na kidevu, usikaze shingo. Kwa mbwa wenye nyuso bapa na macho ya kutokeza, kama Pug, Pekingese na Shih Tzu, onyo hili si la mapambo: kukabwa shingo au kuvutwa ngozi ya kisogo kunaweza kulitoa jicho nje ya tundu lake.

Linganisha jicho kwa jicho. Je, ukubwa ni mmoja? Mboni, kile kitundu cheusi cha katikati, zina upana sawa? Ndani ya mboni kuna weupe? Weupe wa ndani kabisa unaweza kuwa mtoto wa jicho, na kuna mbwa wanaozaliwa nao. Ukungu ulio juu ya uso wa jicho ni jambo jingine, hilo ni la konea. Ukimtazama kwa ubavu utatofautisha: wa konea uko mbele kabisa, wa mtoto wa jicho umekaa nyuma ya sehemu yenye rangi.

Tazama pia kope kama zimejikunja kwa ndani hadi nywele zinasugua jicho. Tongo chache za asubuhi si neno. Zikiwa za njano au kijani, nzito, na zinarudi kila ukifuta, hiyo ni shida. Kinyama chekundu kilichojitokeza kwenye kona ya ndani ni tezi ya kope la tatu, lile kope la ziada alilonalo mbwa kwenye kona hiyo, iliyotoka mahali pake. Inatisha kuitazama, nayo inahitaji daktari, lakini yenyewe haimaanishi upofu.

Kuna watu hutumia mwako wa macho usiku, au kwenye picha ya kamera yenye mwanga, kama kipimo. Sikushauri kuutegemea. Mwako huo hutokana na tabaka la nyuma ya jicho linalorudisha mwanga kama kioo, na kwa watoto wa mbwa tabaka hilo bado linakomaa hadi karibu miezi 4, kwa hiyo rangi ya mwako hubadilika. Mbwa wenye macho ya buluu wengi hawana tabaka hilo, nao hung'aa wekundu wakiwa wazima kabisa.

Hatua ya 2: Tochi

Punguza mwanga wa chumba, subiri dakika moja mbili, mtulize. Mwangaze jicho moja kutoka mbele, umbali wa urefu wa kiganja. Mboni inapaswa kusinyaa, na ya jicho la pili nayo isinyae ingawa hukuimulika. Zima, subiri, hamia upande wa pili. Usitumie kalamu za leza hata kwa mchezo, wala usisogeze taa kali ya simu hadi ikaribie kugusa kope.

Mbwa aliyeogopa huwa na mboni pana zinazosinyaa kwa uvivu. Ukiona hivyo mwachie, umrudie baadaye.

Sasa, jambo ambalo watu wengi hawalijui: mboni kusinyaa si ushahidi kwamba mbwa anaona. Njia ya neva inayosinyaza mboni huachana na njia ya kuona kabla haijafika sehemu ya ubongo inayotambua picha. Mtoto mwenye tatizo la ubongo, kwa mfano maji yaliyojaa kichwani, hali inayoonekana zaidi kwa mbwa wadogo wenye vichwa vya mviringo kama Chihuahua, anaweza kuwa haoni kabisa huku mboni zake zikifanya kazi bila kasoro. Hata mwenye mtoto wa jicho mzito, mboni zake kwa kawaida husinyaa. Kipimo hiki kinasema mengi kikishindwa; kikifaulu, kinasema machache.

Hatua ya 3: Pamba

Kama una muda wa kipimo kimoja tu, fanya hiki. Pamba haina kelele ikianguka, haina harufu ya kumvutia, na haisukumi upepo wa maana.

Nawa mikono kwanza. Mkono uliotoka kushika nyama utamfanya afuate mkono, si pamba. Msaidizi amkalishe mbwa sakafuni, asimbane. Wewe simama au piga magoti kwa upande, shika donge la pamba juu ya usawa wa kichwa chake, kama nusu mita mbele yake, kisha liachie bila kusema neno. Mwenye kuona atalifuata kwa macho au kwa kichwa, walau mara ya kwanza. Rudia kutoka upande wa kushoto, halafu wa kulia.

Halafu funika jicho moja. Msaidizi aweke kiganja mbele ya jicho bila kuligusa. Angusha tena. Kisha jicho la pili.

Sakafu nyeupe na pamba nyeupe havipatani. Tandika kitambaa cheusi. Ukipenda kutumia kitu cha rangi, kumbuka mbwa ana aina mbili tu za chembe za kupokea rangi. Anatofautisha buluu na njano vizuri, lakini nyekundu na kijani kwake ni karibu kitu kimoja. Mpira mwekundu kwenye majani mabichi, ambao wewe unauona toka mbali, kwake umepotea. Mbwa wengi wameshukiwa ubovu wa macho kwa sababu ya mpira huo.

Mara ya tatu au ya nne ataacha kujali. Hapo hajapofuka, amechoshwa nawe. Jibu la kuzingatia ni la mara mbili za mwanzo, na ndiyo faida ya kurekodi video: kichwa kinachogeuka kwa nukta moja ni rahisi kukikosa ukiwa wewe ndiye unayeangusha.

Hatua ya 4: Kumtishia kwa mkono

Hiki ndicho kipimo kinachojulikana zaidi na ndicho kinachofanywa vibaya zaidi. Kupepesa kwa sababu mkono unakuja usoni si jambo la kuzaliwa nalo. Mbwa hujifunza, na wengi huwa hawajajifunza kabla ya wiki ya 10 hadi ya 12. Wengine huzidi hapo. Mtoto wa wiki 8 anayekukodolea macho huku kiganja chako kikimjia anaweza kuwa anaona kila kidole. Bado hajui kwamba mkono unaweza kuumiza. Heri yake.

Kwa aliyefikisha umri: funika jicho moja, shika ile plastiki mbele ya jicho la pili, sentimita 10 hivi kutoka usoni, kisha peleka kiganja kwa haraka kuelekea jichoni na kukisimamisha kabla hakijagonga plastiki. Plastiki inazuia upepo na inalinda sharubu zisiguswe. Bila hiyo unapima ngozi.

Asipopepesa, gusa taratibu kona ya nje ya kope kwa ncha ya kidole. Akipepesa sasa, maana yake anaweza kupepesa ila hakuuona mkono au hakuujali. Asipopepesa hata kwa kuguswa, shida inaweza kuwa kwenye neva za uso, si kwenye kuona.

Hatua ya 5: Ukingo wa meza

Kinafaa kwa mbwa mdogo unayeweza kumbeba. Mshike kifuani, miguu ya mbele ikining'inia huru, msogeze polepole kuelekea meza iliyo imara. Anayeona atanyoosha miguu ya mbele kuifikia meza kabla haijamgusa. Asiyeona atasubiri hadi ukingo uguse miguu yake. Rudia kwa kufunika jicho moja, halafu jingine.

Mbwa anayebebwa kutwa nzima hujilegeza tu mikononi na hanyooshi chochote. Huyo kipimo hiki hakimfai.

Hatua ya 6: Njia yenye vizuizi

Hapa ndipo panapotoa habari nyingi. Tafuta chumba ambacho mbwa hajakizoea. Chumba anachokijua hakipimi kitu, kwa kuwa ramani yake anayo kichwani. Panga maboksi ya karatasi bila mpangilio, yaliyo marefu kumzidi ili asiyaruke, na mepesi ili akiyagonga asiumie. Msiweke chakula mahali popote.

Msaidizi amwachie upande mmoja, wewe uwe upande wa pili. Mwite mara moja tu, kisha nyamaza kabisa usitikisike. Ukiendelea kumwita unamchorea njia kwa sauti. Akifika, msifu, kisha badilisha mahali pa maboksi kabla hujarudia.

Fanya kwanza kwenye mwanga wa kutosha. Baadaye fifisha mwanga hadi wewe mwenyewe uone maboksi kwa shida, mpe dakika 5 hadi 10 macho yazoee, kisha mwachie tena. Mbwa mzima anamshinda binadamu katika mwanga hafifu. Kwa hiyo anayepita vizuri mchana lakini anagonga au anagoma gizani ana dalili isiyopaswa kupuuzwa: magonjwa ya kurithi yanayoharibu retina polepole huanza mara nyingi kwa kuondoa uwezo wa kuona usiku. Kwa baadhi ya koo za mbwa huanza mapema, kwa wengine baada ya miaka, hivyo kufaulu leo hakufuti haja ya kumtazama tena akikua.

Usitegemee kugonga tu. Kila mtoto wa mbwa hugonga vitu, kwa kuwa breki zake bado hazijafungwa vizuri. Tazama mwendo. Asiyeona huenda pua ikiwa chini, ananyanyua miguu ya mbele juu kupita lazima kama anayepapasa, anapenda kufuata ukuta, anasimama ghafla palipo wazi. Anayeona kwa jicho moja hugonga upande uleule kila mara, au hutembea kichwa kikiwa kimegeuzwa kidogo. Nje ya kipimo, ongeza na haya: anashtuka ukimgusa ingawa ulikuwa mbele yake, anakubali kupanda ngazi lakini anakataa kushuka, anang'ata hewa pembeni ya mwanasesere uliomnyooshea.

Kusoma majibu

Kushindwa mara moja si kitu. Kushindwa kipimo kilekile, upande uleule, kwa siku tatu tofauti, ni kitu. Linganisha na ndugu yake wa umri uleule kama yupo karibu. Hakuna kipimio bora kuliko huyo.

Akifaulu pamba na vizuizi kwa kila jicho, mwanga ukiwa mwingi na hafifu, una haki ya kutulia. Kwa koo za Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, na jamaa zake, bado inafaa apelekwe kwa daktari wa macho ya wanyama akiwa na wiki 6 hadi 8. Wana kasoro ya kurithi ya nyuma ya jicho ambayo baadaye hufunikwa na rangi ya ndani ya jicho isionekane tena, na mwenye kasoro ndogo huona vizuri tu kwa vipimo vyote vya nyumbani.

Haya hayangoji kesho: jicho lililofumbwa au kubanwa kwa maumivu, jicho lililovimba au kuonekana kubwa kuliko mwenzake, konea iliyogeuka ya buluu au nyeupe ghafla, jeraha, na upofu ulioanza kwa siku moja. Jicho likitoka nje ya tundu, usilirudishe. Lifunike kwa kitambaa safi kilicholoa maji, mzuie asilikune, nenda. Na mbwa anayeonekana kupotea na kutoona hasa baada ya kula, anayesukuma kichwa ukutani au kuzunguka bila sababu, anaweza kuwa na tatizo la ini au ubongo wala si la macho. Yapo maumbile ambayo mshipa hupitisha damu kando ya ini badala ya ndani yake, na sumu zisizochujwa hufika kichwani.

Usimtilie dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kabatini. Baadhi zina steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, na steroidi juu ya konea yenye kidonda inaweza kuiyeyusha.

Ukienda kliniki, nenda na video zako na karatasi yenye tarehe, umri wake kwa wiki, kipimo, jicho, na jibu. Daktari atatia rangi maalumu kuona kama konea ina kidonda, atapima presha ya jicho, atatazama retina kwa kifaa chake, na ikibidi ataagiza kipimo cha umeme wa retina. Mwonyeshe kwanza video ya chumba chenye mwanga hafifu. Hiyo hawezi kuipata mezani kwake, kwa sababu mbwa wengi wakifika kliniki hujikunyata na kukataa kutembea.